Mteremko wa Kwenda Muyembe

Leo vipau vinane.
Nilipolinunua Kampala vilikuwa kumi,
na Mjapani aliyekuwa nalo kabla yangu
bila shaka aliviona vyote kumi na viwili
akaviacha viyeyuke juu ya lami ya kwao.
Navihesabu asubuhi, kabla ya chai,
kama baba alivyokuwa akifunua mdomo wa punda mnadani:
jino hili limekwisha, hili linaaga,
lakini mgongo, mgongo bado upo.

Kila nikiwasha, mwanamke hunisemesha Kijapani.
Sauti ya upole. Binti yangu Cherop humwitikia,
"Ndiyo, shangazi."
Mwaka wa pili sasa hatujui anasema nini.
Labda anauliza: hapa ni wapi,
mbona barabara imesimama wima?

Toskin, muuza petroli wa chupa pale senta,
siku ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini.
"Gari la kuchaji kama simu! Likipigiwa utapokea?"
Siku hizi hacheki.
Napita kimya mbele ya chupa zake
na kimya hicho anakisikia kama tusi.

Kimya nacho kina gharama.
Mbuzi hawanipishi, watoto hawageuki.
Nilipomkosa chupuchupu mama mwenye kuni kwenye kona ya Sipi,
Mangusho wa kuchomelea alinifungia kengele ya ng'ombe chini ya bampa.
Ndiyo kazi pekee aliyolifanyia gari hili kwa moyo mweupe.
Akifunua boneti huzikuta nyaya za rangi ya chungwa,
mikono inarudi mfukoni:
"Hao ni nyoka. Mimi na nyoka hatujuani."

Oili, hakuna. Plagi, hakuna.
Kuna matope.
Kuna mpira wa shokomzoba unaolia kama kifaranga,
kuna tairi zinazoliwa na mawe,
na panya waliofuata mahindi ghalani
wakaonja waya, wakahamia.
Nawapakia pilipili. Wamezoea.

Umeme wetu huja usiku wa manane kama mlevi,
unajikwaa mlangoni mara mbili, unaondoka.
Naamka pekupeku kwenda kutazama taa ya buluu.
Yeko hugeukia ukutani:
"Mtoto alipolia hukuwahi kuamka hivi."
Sina jibu. Kweli sikuamka.

Kupanda kutoka Mbale ndiko kunakonikondesha.
Kiyoyozi nimezima, redio nimezima, nusu ya pumzi nimezima.
Mwezi wa Aprili, mvua ikipiga kioo,
kobe mdogo wa njano aliwaka mbele ya usukani:
polepole, bwana, nimefika mwisho wangu.
Akasimama kabisa, na mimi ndani.
Aliyetokea kwenye ukungu ni Toskin,
na punda wanne wa kaka yake, na kamba.
Hakusema kitu. Tulisukuma, punda wakavuta,
hadi nyumba ya kwanza yenye soketi.
Pale akatoa simu yake, skrini nyeusi.
"Anza na hii," akasema.

Lakini njoo Novemba unione nikishuka.
Magunia sita ya kahawa, mawili juu ya kiti cha Cherop,
mguu nimeuondoa kwenye kanyagio,
na mlima wenyewe unasukuma.
Natoka nyumbani na sitini kwa mia.
Sipi, sitini na mbili.
Kona kwa kona, uzito unageuka chakula.
Baba alishusha kahawa ya shamba hilihili, njia hiihii;
punda wake alishuka na mzigo akachoka.
Hili linashuka na mzigo, linashiba.
Ningemweleza vipi? Angechungulia chini,
atafute anayevuta.

Muyembe, sitini na sita.
Halafu ardhi inalala, bonde linaanza,
na namba inarudi kuhesabu kinyume.
Kengele inalia.
Mbuzi mmoja, mmoja tu, anasogea.